Njia ya Chumvi: Kutoka Sabarmati hadi Dharasana

Njia waliyopita Mohandas Gandhi na wenzake mwaka 1930, kutoka mji wa Ahmedabad hadi kijiji cha Dandi kando ya Bahari ya Arabia, haina mlima wa kupanda wala msitu wa kupenya. Gujarat ya upande huu ni nchi tambarare: mashamba ya tumbaku, kisha pamba, kisha miwa, vijiji vilivyokaribiana, mito ya Mahi, Narmada na Tapi inayoteremka kuelekea Ghuba ya Khambhat, na miji ya viwanda iliyomeza sehemu kubwa ya ile njia ya vumbi ya zamani. Umbali wote ni takribani kilomita 385. Nimeifuata nikiwa na swali ambalo kila kizazi huliuliza kinapokabiliana na watawala wasiosikia: watu wasio na silaha, ambao tena wameapa kutoinua mkono, wana nguvu gani hasa? Jibu lililozoeleka ni kwamba mateso yao huulainisha moyo wa mtesi. Ushahidi wa njia hii haukubaliani na jibu hilo, kwa maana waliotawala India mwaka ule hawakulainika. Kilichowapata ni kikubwa zaidi. Ukatili wao ulinyang'anywa visingizio vyote, kimoja baada ya kingine, mpaka wale waliowategemea ili watawale, yaani askari wao, majumbe wao wa vijiji, walipa kodi wao na hata wasomaji wa magazeti huko ng'ambo, wakaanza kuutazama utawala ule kwa macho mengine. Hoja yangu ni kwamba nguvu hiyo ya kimaadili inaelezeka jinsi inavyofanya kazi, kwamba ina mipaka yake, na kwamba haijachakaa.

Safari huanzia katika makazi ya Sabarmati, ukingoni mwa mto, ng'ambo ya mji mkongwe wa Ahmedabad. Gandhi alihamia hapa mwaka 1917, miaka miwili baada ya kurejea kutoka Afrika Kusini, na nyumba yake ndogo iitwayo Hridaya Kunj ingali imesimama, sasa ikiwa sehemu ya makumbusho. Tarehe 2 Machi 1930 alimwandikia barua Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme wa Uingereza nchini India, akamkabidhi kijana Mwingereza, Reginald Reynolds, aipeleke Delhi. Barua ile haina tusi hata moja. Inamwita Irwin rafiki, inamkumbusha kwamba mshahara wake unazidi mara elfu tano kipato cha wastani cha Mhindi, inamwomba mashauriano, kisha inamwarifu mapema ni siku gani na kwa namna gani sheria ya chumvi itavunjwa iwapo ombi litapuuzwa. Hapo ndipo mapambano haya yanapoachana na njama. Mla njama hulindwa na giza, lakini hawa walimpa mpinzani wao ratiba. Irwin alijibu kwa maneno machache kupitia katibu wake, akisikitika kwamba sheria itavunjwa na amani kuhatarishwa. Asubuhi ya tarehe 12 Machi, wanaume 78 wakatoka nyuma ya mzee wa miaka 60 aliyeshika mkongojo, naye ameapa kutorudi kuishi pale mpaka India iwe huru.

Kwa nini chumvi? Hata viongozi wenzake wa chama cha Congress walishangaa, na Irwin aliandika kwamba matarajio ya kampeni ya chumvi hayakuwa yakimkosesha usingizi. Kodi ya chumvi ilikuwa sehemu ndogo tu ya mapato ya serikali, na kulikuwa na dhuluma nyingine nzito zaidi ambazo wanasheria na wasomi wangependa zitangulie. Lakini tuitazame sheria yenyewe. Tangu mwaka 1882 serikali ilikuwa imehodhi utengenezaji na uuzaji wa chumvi, hata mkulima aliyeishi hatua chache kutoka baharini, ambako jua huikausha chumvi bila kuombwa, alikuwa mhalifu akiiokota. Mhindu na Mwislamu, tajiri na mchukuzi wa mizigo, wote walikula chumvi, na aliyetoka jasho zaidi juani ndiye aliyeihitaji zaidi. Sheria hiyo ilimgusa kila mtu, kila mtu aliweza kuivunja, na hakuna aliyehitaji kusomeshwa ili aone uovu wake. Kuchagua chumvi kulikuwa ni kuchagua mahali ambapo mtawala hangeweza kujitetea bila kujiaibisha. Akinyamaza, sheria zake zimekufa. Akimfunga bibi kizee kwa kosa la kuchemsha maji ya bahari, yeye mwenyewe ndiye atakayeonekana mhalifu. Nguvu ya kimaadili inahitaji uchaguzi wa namna hii. Haiji yenyewe kwa sababu tu mtu ana haki.

Kusini mwa Ahmedabad njia inaingia wilaya ya zamani ya Kheda, na hapa msafiri anapata ushahidi wa jambo ambalo wasifu wa mashujaa huliruka: kazi iliyotangulia. Wakulima wa Kheda walikuwa wamegoma kulipa kodi ya ardhi mwaka 1918, baada ya mavuno kuharibika. Mbele zaidi kusini, wakulima wa Bardoli walifanya hivyo mwaka 1928 chini ya Vallabhbhai Patel, wakavumilia kunyang'anywa mifugo na mashamba mpaka nyongeza ya kodi ikapunguzwa. Watu hawa walikuwa wanafunzi wa zamani wa somo hili. Ndiyo maana serikali ilimkamata Patel katika kijiji cha Ras tarehe 7 Machi, kabla maandamano hayajaanza. Gandhi aliagiza kila kijiji njiani kimwandalie takwimu: idadi ya wanaume na wanawake, Wahindu, Waislamu na watu wa tabaka lililoitwa la wasioguswa, idadi ya magurudumu ya kusokotea nyuzi, kiasi cha chumvi kilicholiwa. Tena alikuwa na kidonda cha kumkumbusha gharama ya kutojiandaa. Mwezi Februari 1922, huko Chauri Chaura, umati wenye hasira uliteketeza kituo cha polisi na askari zaidi ya ishirini wakafa. Yeye akaisimamisha harakati yote nchini, ingawa wenzake wengi walimlaumu kwa kuutupa ushindi uliokuwa karibu. Miaka minane iliyofuata ilikuwa ya kufundisha. Waliotoka Sabarmati hawakuwa umati uliokusanyika kwa hasira ya siku moja. Walikuwa watu waliozoea ratiba ya sala, kazi za mikono na utii wa hiari.

Njia inavuka Narmada kwenye mji wa Bharuch, kisha inafika Surat, mji wa Mto Tapi. Hapa ndipo meli ya Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India ilipotia nanga mwaka 1608, wakati Waingereza walipokuja kuomba ruhusa ya kufanya biashara. Zaidi ya karne tatu baadaye, maelfu walijipanga katika mji huohuo kumsikiliza mtu aliyesema kwamba ruhusa ya kutawala inaweza kuondolewa na wanaotawaliwa. Madai hayo yalikuwa yameanza kuonekana kwa macho, maana majumbe wengi wa vijiji, wale waliokusanya kodi na kuipelekea serikali taarifa, walijiuzulu kadiri maandamano yalivyosonga. Serikali ya kikoloni haikuwa na Waingereza wa kutosha kukaa katika kila kijiji cha India. Iliendeshwa na mikono ya Wahindi wenyewe, na kila jumbe aliyerudisha muhuri wake alipunguza mkono mmoja.

Dandi ni kijiji kidogo, mwendo mfupi kutoka Navsari. Waandamanaji walifika tarehe 5 Aprili, na Gandhi akalala katika nyumba ya Saifee Villa, iliyokuwa mali ya Syedna Taher Saifuddin, kiongozi wa Mabohora, jumuiya ambayo misikiti na maduka yake msomaji wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam anayajua vyema. Bahari iliyo mbele ya nyumba hiyo ndiyo bahari iliyoleta majahazi ya Kigujarati kwetu kwa pepo za kaskazi. Siku iliyofuata Gandhi aliokota donge la tope lenye chumvi, na sheria ya mwaka 1882 ikawa imevunjwa mbele ya dunia. Leo pana makumbusho ya kitaifa yaliyofunguliwa mwaka 2019, yenye sanamu za waandamanaji. Sanamu hizo zinavutia, lakini zinaweza kumpotosha mgeni akadhani kwamba tukio kubwa lilikuwa lile donge. Donge lilikuwa ishara tu. Tukio lenyewe lilikuwa kilichofuata: watu wakachemsha maji ya bahari hadharani katika miji na vijiji vya India nzima, wanawake ambao hawakuchukuliwa kwenye matembezi wakaingia barabarani kwa wingi ambao haukuwa umewahi kuonekana, na kabla ya mwaka kwisha zaidi ya watu 60,000 walikuwa wametiwa gerezani. Magereza yalijaa watu ambao hawakuona aibu kuwamo, na adhabu isiyoleta aibu hupoteza nusu ya makali yake.

Kwa hoja yangu, mahali pazito kuliko Dandi ni Dharasana, kama kilomita 40 kusini, palipokuwa na mashamba ya chumvi ya serikali. Gandhi alikuwa ametangaza kwamba wataingia huko, akakamatwa usiku wa kuamkia 5 Mei na kuzuiliwa bila kesi. Abbas Tyabji, jaji mstaafu mwenye umri wa miaka 76, akashika nafasi yake, naye akakamatwa. Ndipo uongozi ukamfikia mshairi Sarojini Naidu, akiwa pamoja na Manilal, mwana wa Gandhi, na Imam Abdul Kadir Bawazir, aliyekuwa na Gandhi tangu Johannesburg, mtu wa ukoo ambao jina lake si geni Lamu wala Mombasa. Tarehe 21 Mei watu wapatao 2,500 wakasogea safu kwa safu kuelekea uzio. Polisi wakawapiga vichwani kwa virungu vyenye ncha za chuma. Mwandishi Mmarekani Webb Miller alishuhudia kwamba hakuna aliyeinua hata mkono wa kujikinga. Safu moja ilipoanguka, majeruhi walibebwa kwenye machela na safu nyingine ikasonga mbele. Katika hospitali ya muda alihesabu majeruhi 320, na wawili walikufa. Aliona pia kwamba polisi, kadiri walivyokosa upinzani, ndivyo walivyozidi kukasirika na kuwapiga hata waliokuwa wameketi.

Maelezo hayo ya mwisho yana uzito mkubwa, maana yanaiondoa hadithi tamu ya mtesi anayelia. Ukatili uliongezeka. Lakini taarifa ya Miller ilichapishwa katika magazeti zaidi ya 1,000 duniani, ikasomwa katika Seneti ya Marekani, na mwezi huohuo mshairi Rabindranath Tagore aliliambia gazeti la Manchester Guardian kwamba Ulaya imepoteza heshima yake ya kimaadili katika Asia. Utawala wa Waingereza ulikuwa umejieleza kwake wenyewe na kwa wengine kuwa ni utawala wa sheria unaowalinda watu dhidi ya fujo. Dharasana iliuonyesha ukiwa ndio pekee unaofanya fujo. Kama mtu mmoja tu katika safu zile angerusha jiwe, gavana angepata picha aliyoihitaji: askari wakijihami. Nidhamu ya wale 2,500 ilimnyima picha hiyo, na mtawala aliyenyimwa kisingizio hubaki na kirungu peke yake.

Wapo wanaosema kwamba njia hii ni ya watu waoga, waliokosa silaha na kuugeuza udhaifu wao kuwa maadili. Jibu kwao liko mbali kaskazini mwa Gujarat, katika mji wa Peshawar, miongoni mwa Wapashtuni, watu ambao bunduki na kisasi vilikuwa sehemu ya heshima yao. Abdul Ghaffar Khan aliwaunganisha maelfu yao, Waislamu kwa imani, katika jeshi lisilo na silaha lililoitwa Khudai Khidmatgar, wakila kiapo cha kutolipiza kisasi. Tarehe 23 Aprili 1930 askari walifyatua risasi kwenye umati katika soko la Qissa Khwani, na idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ila kuna jambo lisilobishaniwa: askari wa kikosi cha Garhwal, Wahindu walioamriwa kuwapiga risasi Waislamu wasio na silaha, walikataa amri. Walipelekwa mahakama ya kijeshi na kupewa vifungo virefu; kiongozi wao, Chandra Singh, alihukumiwa kifungo cha maisha. Tulinganishe na Chittagong, mashariki mwa nchi, ambako siku tano tu kabla ya Peshawar, Surya Sen na vijana wake walivamia ghala za silaha za serikali. Walikuwa mashujaa, na siwezi kuwadharau watu waliotoa roho zao. Lakini hakuna kikosi kilichotupa bunduki kwa ajili yao. Wenzao kumi na wawili waliuawa katika vilima vya Jalalabad, na Surya Sen alinyongwa mwaka 1934. Askari anayelengwa kwa risasi hulazimika kupigana hata kama dhamiri yake inamsuta. Askari anayetazamana na mtu mwenye mikono mitupu hana pa kuificha dhamiri hiyo.

Pingamizi la pili ni la hesabu. Baada ya vipigo vyote hivyo, je, kodi ya chumvi ilifutwa? Haikufutwa. Mapatano ya Gandhi na Irwin ya Machi 1931 yaliwaruhusu tu watu wa pwani kujitengenezea chumvi ya matumizi yao, wafungwa wakaachiliwa, na mazungumzo ya London yaliyofuata hayakuzaa kitu. Uhuru ulikuja miaka 17 baada ya Dandi, Uingereza ikiwa imechoshwa na vita vikuu vya pili, na wanamaji wa Kihindi wakiwa wameasi Februari 1946. Nakubali yote haya: vita na ufukara wa Uingereza vilichangia sana kuamua lini waondoke. Lakini kwa nini kuondoka kwenyewe kulikuwa hakukwepeki? Shahidi wangu hapa ni mpinzani, Winston Churchill, ambaye mapema 1931 aligadhabika kumwona Gandhi akipanda ngazi za ikulu ili ajadiliane na mwakilishi wa mfalme kama mtu na mwenziwe. Churchill alielewa kilichotokea kuliko wengi waliohesabu magunia ya chumvi. Mtawala aliyelazimika kuketi na mtawaliwa mezani na kutia saini naye amekiri kwamba amri zake peke yake hazitoshi, na kukiri huko hakufutiki.

Pingamizi la tatu ndilo linalosikika zaidi kwetu: dawa ya moto ni moto, na Gandhi alibahatika kupata adui mstaarabu. Wenye kusema hivyo wamesahau Amritsar, ambako tarehe 13 Aprili 1919 askari wa utawala huohuo walifyatua risasi kwenye umati uliozingirwa na kuta, na hesabu ya serikali yenyewe ikataja wafu 379. Wamesahau pia Kenya ya miaka ya 1950, ambako Waingereza walijenga kambi za mateso. Huko Norway mwaka 1942, chini ya Wanazi ambao hakuna atakayewaita wastaarabu, maelfu ya walimu walikataa kujiunga na chama cha walimu cha serikali ya Quisling. Wapatao 1,100 walikamatwa, mamia wakapelekwa kufanya kazi ngumu Kirkenes, karibu na ncha ya dunia, na mwishowe ni serikali iliyoachana na mpango wake. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichunguza kampeni 323 za mwaka 1900 hadi 2006, wakakuta kwamba zisizotumia mabavu zilifaulu kwa asilimia 53, na za silaha kwa asilimia 26. Sababu mojawapo waliyoitaja ni ileile ya Peshawar: askari na maofisa huwageuka wakubwa wao kwa urahisi zaidi wanapotumwa dhidi ya watu wasio na silaha.

Hata hivyo njia hii ina mpaka, na anayeuficha anaidhulumu. Mwaka 1938 Gandhi aliwashauri Wayahudi wa Ujerumani wafuate njia hiyo, na mwanafalsafa Martin Buber akamjibu kwamba hali zao hazilingani na za Wahindi. Naona Buber alikuwa na haki. Kutotumia mabavu hufanya kazi pale mtawala anapowahitaji watu anaowatesa, kwa kodi yao, kazi yao au utii wao, au pale walio nyuma yake wanapoweza kuona na kusikia. Aliyekusudia kuwaangamiza watu kabisa hahitaji ushirikiano wao. Zaidi ya hayo, ni dhuluma kwa mtu aliye salama kumwagiza aliye katika hatari afe kwa utulivu. Kiapo cha Dharasana kilikuwa na nguvu kwa kuwa kila aliyekila alikila mwenyewe, na viongozi walitangulia mbele.

Kwa msomaji wa Tanzania kuna mfano wa karibu unaodai kujibiwa. TANU ilizaliwa mwaka 1954, ikapita katika mtihani wa Uamuzi wa Busara wa Tabora mwaka 1958, ilipokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu usio wa haki badala ya kuuvuruga, na Tanganyika ikawa huru tarehe 9 Desemba 1961 bila vita. Lakini Mwalimu Nyerere huyohuyo akaifanya Dar es Salaam kuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU na ya wapiganaji waliochukua bunduki. Je, aliikana njia yake? Ilani ya Lusaka ya mwaka 1969, aliyoiandaa pamoja na Kaunda na viongozi wenzao, inasema wazi kwamba waliona ni heri kuzungumza kuliko kuua, na kwamba silaha zilishikwa baada ya milango mingine kufungwa. Ilikuwa imefungwa kweli: kwa risasi za Mueda, Msumbiji, mwezi Juni 1960, na kabla yake kwa zile za Sharpeville, Machi mwaka huohuo, zilizoua watu 69. Siwahukumu waliofikia uamuzi huo. Nasema tu kwamba ilani yenyewe inakiri ukuu wa njia ya kwanza, kwa kuwa mpiganaji wa haki hulazimika kueleza kwa nini ameshika bunduki, ilhali hakuna aliyewahi kuwataka watu wa Dharasana waeleze kwa nini hawakuishika. Na huko Afrika Kusini kwenyewe, kilichoufanya utawala wa makaburu ushindwe kutawala katika miaka ya 1980 ni zaidi migomo ya wafanyakazi, kususia kodi za nyumba na maduka, muungano wa UDF ulioanzishwa mwaka 1983, na vikwazo kutoka nje. Jeshi lile halikuwahi kushindwa vitani ndani ya nchi yake. Lilibaki na bunduki zake zote huku nchi ikikataa kuendeshwa.

Pingamizi zito kuliko yote ni Mgawanyiko wa India na Pakistan wa mwaka 1947. India iliyosifiwa kwa amani ilizaa uhuru wake katika mauaji ya Wahindu, Waislamu na Masingasinga; waliouawa wanakadiriwa na wengi kufikia mamia ya maelfu au hata milioni moja, na watu wapatao milioni 15 wakayahama makwao. Sitalipunguza jambo hili. Linaonyesha kwamba mamilioni walikuwa wamejifunza kutompiga Mwingereza bila kujifunza kutompiga jirani, na kwamba nidhamu ya harakati haiwi tabia ya taifa kwa sababu tu imeleta ushindi. Lakini ni mwaka huohuo, mwezi Septemba, Gandhi alipofunga chakula katika Kolkata iliyokuwa ikiwaka, na katika siku chache viongozi wa pande zote wakamletea ahadi zao na vijana wakasalimisha silaha. Hata kabla ya mfungo huo Mountbatten, mwanajeshi, alikuwa ameandika kwamba mtu mmoja alifanya Bengal, jimbo la Kolkata, kile ambacho askari 55,000 hawakukiweza Punjab. Somo la Mgawanyiko, kwa hiyo, ni la kipimo: dawa ilifanya kazi ilipofika, na haikufika pengi.

Msomaji Mwafrika ana haki pia ya kuuliza kuhusu mtu mwenyewe. Katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini Gandhi aliandika maneno ya dharau kuhusu Waafrika, na mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Ghana kiliiondoa sanamu yake. Huko India, B. R. Ambedkar, aliyezaliwa katika tabaka la wasioguswa, alimlaumu kwa kuusamehe mno mfumo wa matabaka. Lakini Ambedkar alifanya nini? Tarehe 2 Machi 1930, siku ileile ya barua kwa Irwin, alianzisha satyagraha, yaani mapambano ya namna ileile ya Gandhi, kwenye hekalu la Kalaram mjini Nashik, maelfu wakidai bila mabavu haki ya kuingia walipozuiwa kwa kuzaliwa kwao. Miaka mitatu kabla alikuwa amewaongoza kunywa maji ya bwawa la umma la Mahad. Aliichukua njia iliyotumiwa dhidi ya Mwingereza, akaielekeza kwa Wahindi wenzake. Huu ndio ushahidi mkubwa wa uimara wa njia hiyo. Chombo cha haki kinachoweza kumkosoa hata aliyekitangaza hakitegemei usafi wa mtu mmoja, na hakifi mtu huyo anapokutwa na doa.

Ndiyo maana kiliweza kuvuka bahari. James Lawson, mchungaji Mmarekani mweusi, aliishi Nagpur katika miaka ya 1950 akijifunza mapambano haya, kisha akarudi kuwafundisha wanafunzi wa Nashville jinsi ya kuketi kwenye mikahawa ya wazungu, kupigwa, na kutorudisha kipigo. Martin Luther King alizuru India mwaka 1959. Walichokichukua hakikuwa sanamu wala sifa. Kilikuwa ufundi: chagua dhuluma inayoonekana, mwarifu mpinzani, wafundishe watu kabla ya siku, tanguliza viongozi, usimpe mtesi kisingizio. Chenoweth ameonyesha kwamba tangu mwaka 2010 harakati za amani zinafaulu kwa kiwango kidogo kuliko zamani, na sababu mojawapo anayoitaja ni kutegemea mno maandamano ya ghafla yasiyo na maandalizi. Njia ya kutoka Sabarmati inathibitisha hilo kwa upande wake. Mataifa hutenga bajeti, vyuo na miaka ya mazoezi kwa ajili ya vita, kisha hutarajia amani ishinde kwa watu walioitana barabarani tangu jana. Watu wa Kheda na Bardoli walijiandaa kwa zaidi ya miaka kumi, na kilichosimama Dharasana kilikuwa matunda ya miaka hiyo. Anayetaka haki nchini mwake bila kumwaga damu ya mtu hana sababu ya kuomba radhi kana kwamba amechagua njia ya wanyonge. Ana sababu ya kuanza mafunzo leo, kwa bidii ileile ambayo majeshi hujifunzia kuua, kwa maana nguvu hii ni ya kweli, nayo huwafikia walioifanyia kazi.